Kwa nini fundi wa kumi haajiriwi

Ndugu msikilizaji, ukishuka basi pale Keko, jijini Dar es Salaam, pua hukuambia umefika kabla macho hayajaona. Ni harufu ya mbao iliyopasuliwa sasa hivi, imechanganyika na vanishi na gundi. Kando ya njia vimepangwa vitanda, makabati na makochi yanayosubiri kuvishwa vitambaa. Nyumba nyingi za jiji letu zimepata kitanda chao cha kwanza mahali kama hapo.

Leo nakuchukua hadi kwenye karakana moja ya mfano. Siitaji jina wala siionyeshi mtaa, kwa sababu habari yake ni habari ya karakana nyingi. Mwenye karakana ana mafundi tisa. Kila Jumatatu asubuhi kijana mmoja aliyemaliza chuo cha ufundi husimama mlangoni, vyeti vyake viko ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nafasi imepatikana?"

"Bado, mwanangu. Pita wiki ijayo."

Ukisikiliza mazungumzo hayo utadhani karakana haina kazi. Lakini chungulia ndani. Mbao za madawati zimeegemezwa ukutani, hazijaguswa na randa. Mteja wa kabati amepiga simu mara tatu. Kazi ipo, kijana yupo, na ujuzi anao. Basi kitu gani kimesimama katikati yao?

Ukimwuliza mzee huyo atakujibu kwa neno moja: kodi. Jirani yake naye atakuambia huo ni uchoyo tu, kwani watu wote wanalipa kodi. Mimi nasema kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, na ndiyo maana nimeona tukae tulizungumze jambo hili kwa hesabu, siyo kwa hasira.

Tuanze na huyo fundi wa kumi. Hapa Tanzania kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo wengi huiita kwa kifupi SDL. Hulipwa na mwajiri, nayo hukokotolewa kutokana na jumla ya mishahara anayolipa. Miaka ya nyuma ilifika asilimia 6, na ilimkamata kila mwajiri mwenye watu wanne au zaidi. Baadaye ikapunguzwa kidogo kidogo. Mwaka 2021 mpaka wa watu wanne ukasogezwa hadi watu kumi, na mwaka 2023 kiwango kikashushwa hadi asilimia 3.5. Tuseme ukweli: huo ulikuwa unafuu, na waliouomba walisikilizwa.

Sasa chukua kalamu. Tuseme kila fundi katika karakana yetu analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mafundi tisa ni shilingi 2,700,000. Tozo kwa watu tisa ni sifuri. Mzee akimwajiri yule kijana, mishahara inakuwa shilingi 3,000,000, na kwa kiwango hicho cha mwaka 2023 asilimia 3.5 yake ni shilingi 105,000. Angalia vizuri hapo. Tozo haikuja juu ya mshahara wa kijana peke yake. Imekuja juu ya mishahara ya watu wote kumi, siku moja. Kwa hiyo fundi wa tisa alimgharimu mzee shilingi 300,000, lakini fundi wa kumi atamgharimu shilingi 405,000, ingawa watu hao wawili wanashika randa ileile na kutengeneza kabati lilelile.

Mzee hakusoma uchumi chuo kikuu, lakini hesabu hiyo aliifanya kichwani kabla mhasibu hajafungua daftari. Akaamua kubaki na tisa. Wengine katika hali yake hufanya werevu. Mmoja humwita kijana kama kibarua wa kutwa, asiyeandikwa popote, asiye na likizo wala mchango wa hifadhi ya jamii. Mwingine hugawa karakana mbili, moja kwa jina lake na nyingine kwa jina la shemeji, ili kila moja iwe na watu watano. Kwenye makaratasi hakuna kosa linaloonekana. Lakini nchi imepoteza karakana moja kubwa ambayo ingeweza kununua mashine ya kisasa, ikapata mbili ndogo zinazobaki na msumeno wa mkono.

Na hapa kuna kichekesho kinachouma. Tozo hiyo iliwekwa kwa nia njema: vijana wafundishwe ufundi. Yule kijana wa mlangoni huenda alisomea chuo kilichonufaika na mfumo huo. Fedha iliyomfundisha kushika randa ndiyo inayofanya aonekane ghali siku anapoomba kuishika.

Kwamba kodi na kazi ni ndugu si jambo geni kwetu. Mwaka 1898 Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba katika nchi hii, hawakutafuta rupia tu. Walitaka pia mtu aliyekuwa akijilimia shamba lake alazimike kutafuta fedha, na fedha ilipatikana kwenye mashamba ya walowezi na katika ujenzi wa njia. Waingereza walipokuja waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Mabaki ya mtindo huo wa kumtoza mtu kwa kuwa yu hai, yaliyoitwa kodi ya maendeleo, yaliondolewa mwaka 2003. Basi wazee wetu waliijua kodi iliyomsukuma mtu kwenda kazini kwa nguvu. Sisi wajukuu wao tuna kazi ya kuangalia isije ikawepo kodi inayomzuia mtu mlangoni mwa kazi anayoitaka.

Sasa twende kwenye jambo la pili. Kuna kodi inayotozwa kwenye faida, na kuna kodi inayotozwa kwenye mauzo. Watu wengi huzichanganya, na tofauti yake ni kama ya kula matunda na kukata tawi. Kampuni inayoweka hesabu hutozwa kodi ya mapato kwa faida. Ikiuza sana lakini isipate faida, hesabu yake huonyesha hivyo. Mfanyabiashara mdogo, kwa kuwa mara nyingi hana vitabu, huwekewa utaratibu wa kukadiriwa kwa mauzo yake. Ni njia rahisi kwake na kwa mkusanyaji. Mwaka 2019 kikomo cha wanaoruhusiwa kutumia njia hiyo kilipandishwa kutoka mauzo ya shilingi milioni 20 hadi milioni 100 kwa mwaka.

Urahisi huo una bei yake. Chukua watu wawili, na tuseme, kwa mfano tu, wote wanatozwa shilingi 3 kwa kila mauzo ya shilingi 100. Wa kwanza ni muuza sukari na unga. Akishatoa gharama zake, katika kila shilingi 100 hubakiwa na shilingi 5. Kodi ikichukua 3, imechukua zaidi ya nusu ya jasho lake. Wa pili ni fundi cherehani anayebakiwa na shilingi 30 katika kila 100. Kodi ikichukua 3, imechukua sehemu moja ya kumi. Kiwango ni kimoja, sheria ni moja, lakini mmoja amekwaruzwa na mwingine amekatwa mkono.

Dawa ya hapo mfanyabiashara anayo mwenyewe, nayo ni daftari. Anayetunza hesabu ana njia ya kuomba atozwe kwa faida yake halisi. Asiyetunza amekubali kukadiriwa, na anayekadiriwa hana ushahidi wa kumpinga anayekadiria. Wengi wetu tunaona daftari ni mtego wa mtu wa kodi. Kumbe mara nyingi ndilo ngao.

Jambo la tatu ni kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT, ambayo huleta ugomvi kuliko zote. Ilianza hapa Julai 1998 kwa asilimia 20, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo. Mwaka 2009 ikashushwa hadi asilimia 18. Mwaka 2023 kikomo cha mauzo kinachomlazimisha mfanyabiashara kujiandikisha kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka.

Watu husema VAT ni asilimia 18 ya kila kitu unachouza. Sivyo ilivyokusudiwa. Mwuza vitambaa akinunua mzigo wa shilingi 100,000, hulipa juu yake kodi ya shilingi 18,000 na kupewa risiti. Akiuza mzigo huo kwa shilingi 120,000, humtoza mteja wake kodi ya shilingi 21,600. Anapokwenda kulipa serikalini, hutoa kwanza zile 18,000 alizokwisha kulipa. Anazopeleka ni shilingi 3,600 tu, yaani asilimia 18 ya zile 20,000 alizoongeza yeye.

Lakini tuseme alishawishiwa kununua mzigo huohuo kwa shilingi 110,000 bila risiti. Alirudi nyumbani akicheka kwamba ameokoa shilingi 8,000. Akiuza kwa bei ileile, atapeleka shilingi 21,600 nzima, kwa kuwa hana karatasi ya kupunguzia. Faida yake, iliyokuwa iwe shilingi 20,000, imekuwa 10,000. Aliyemuuzia bila risiti amemhamishia mzigo wake wa kodi, naye akaubeba akidhani ni zawadi. Ndiyo maana kodi hii huitwa ya mnyororo: pete moja ikikatika, uzito wote humwangukia aliye karibu.

Mwezi Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja. Mwezi Juni 2024 yakafungwa tena. Ukiyachuja malalamiko yale utaona kwamba kubwa halikuwa kiwango peke yake. Watu walilalamikia namna wanavyofuatwa, risiti zinavyokaguliwa njiani, na mzigo unavyokadiriwa. Mfanyabiashara anaweza kuizoea kodi kubwa anayoijua. Hawezi kuizoea kodi inayobadilika kutegemea ni ofisa gani ameingia dukani leo.

Tukirudi Keko, VAT ina jambo jingine ambalo halisemwi sana. Inambana zaidi mwenye mikono mingi kuliko mwenye rafu nyingi. Fundi akinunua mbao na misumari ya shilingi 30,000, atalipa juu yake kodi ya shilingi 5,400. Kisha anaongeza kazi ya mafundi, pango, umeme na faida yake, jumla tuseme shilingi 70,000. Kama hajaandikishwa, kabati lake litauzwa shilingi 105,400. Akiandikishwa, bei kabla ya kodi ni 100,000, na pamoja na kodi ni 118,000. Tofauti ni shilingi 12,600, kwa kabati lilelile. Sababu yake ni kwamba mbao zina risiti ya kupunguzia kodi, lakini mshahara wa fundi hauna. Kadiri unavyotumia watu wengi kuliko bidhaa, ndivyo sehemu yako ya kodi inavyokuwa kubwa. Na mteja wa kabati ni mtu wa nyumbani, hana mahali pa kuidai kodi hiyo. Atavuka barabara kwenda kwa fundi ambaye hajafika kikomo.

Basi mzee wetu ana kuta mbili mbele yake. Ukuta mmoja ni fundi wa kumi, mwingine ni mauzo ya milioni 200. Naye anajua kwamba akiruka moja atakaribia la pili. Akakaa chini, akanywa chai yake, akasema inatosha hapa. Watu wakamwita mvivu wa maendeleo. Mimi namwita mtu aliyesoma alama za barabarani.

Hapa najua kuna msikilizaji anayesema: basi kodi zifutwe, vijana wapate kazi. Pole pole, ndugu yangu. Mbao za Keko hazikuruka angani kutoka Iringa, zilipita barabarani. Mashine ya kupiga randa haizungushwi na upepo. Mteja aliyelazwa kwa kukosa dawa hanunui kabati. Vitu hivyo vyote vinataka fedha ya umma, na mkono mtupu haulambwi.

Majirani zetu wa Kenya walituonyesha pande zote mbili za jambo hili. Muswada wa fedha wa mwaka 2024 ulileta maandamano makubwa ya vijana. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, watu wakapoteza maisha, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Kodi iliyowekwa bila kusikiliza iligonga ukuta wa watu. Lakini madeni ya serikali hayakufutika pamoja na muswada ule, na kabla mwaka haujaisha sheria nyingine za kubadili kodi zilipitishwa. Hitaji la fedha liliondoka kwa mlango wa mbele, likarudi kwa mlango wa uani.

Kwa hiyo swali la "kodi kubwa au kodi ndogo" ni swali la nusu. Swali zima ni hili: kodi hiyo inamshika mfanyabiashara akiwa wapi? Inamshika akiwa amevuna, au akiwa ndiyo kwanza anainua jembe? Inapanda pamoja naye kama mteremko, au inamsubiri kama ukuta?

Tuchukue tena ile tozo ya fundi wa kumi. Tuseme sheria ingesema kwamba tozo ihesabiwe kuanzia mshahara wa mtu wa kumi na kuendelea, siyo kurudi nyuma hadi wa kwanza. Asilimia 3.5 ya shilingi 300,000 ni shilingi 10,500. Fundi wa kumi angegharimu 310,500 badala ya 405,000. Mzee angeguna, maana hakuna anayeipenda kodi, lakini angemwita kijana aingie. Serikali ingepata 10,500 ambazo leo haizipati, kwa sababu leo, ukuta ukiwapo, inapata sifuri. Ni kweli kwamba ingepoteza kwa waajiri ambao tayari wana watu kumi na zaidi, na pengo hilo lazima lihesabiwe kwa uangalifu. Lakini katika hesabu hiyo tusisahau kuwaandika wale ambao hawakuajiriwa. Hao hawamo katika daftari lolote, na ndiyo maana ni rahisi kuwasahau.

Jambo jingine ni kutabirika. Bajeti yetu husomwa Dodoma katikati ya Juni, na mabadiliko mengi huanza tarehe 1 Julai. Mtu mwenye oda za miezi sita hupata wiki mbili za kujua gharama zake mpya. Anayetaka kununua mashine ya mkopo wa miaka mitatu atasubiri kwanza aone Juni itasema nini, na Juni nyingine, na nyingine. Kiwango cha wastani kinachokaa miaka mitano humsaidia mwajiri kuliko unafuu wa mwaka huu unaoweza kuondolewa mwakani.

Na kuna misamaha. Kila mara mmoja anaposamehewa kodi, hitaji la fedha halisamehewi pamoja naye. Wanaobaki hujigawia. Siwapingi wawekezaji wakubwa, nao huleta kazi. Lakini msamaha wa kodi ni matumizi ya fedha ya umma kama ujenzi wa daraja, nao unastahili kuulizwa swali lilelile: umeleta kazi ngapi, na kwa bei gani?

Mwisho nageuka kwako wewe msikilizaji, na kwangu mimi. Ukinunua kitu na muuzaji akakuambia kwamba ukitaka risiti bei ni hii, na bila risiti bei ni ile, unajua sasa nani ataubeba mzigo huo mbele ya safari. Ni mfanyabiashara anayefuata, pamoja na yule mwaminifu anayeuza jirani kwa bei yenye kodi na kukosa wateja. Tukishiriki kukata mnyororo, tusishangae serikali ikaja na kiwango kikubwa zaidi kwa wachache waliobaki ndani yake.

Jumatatu ijayo kijana wetu atasimama tena mlangoni na mfuko wake wa nailoni. Ataambiwa apite wiki nyingine. Yeye haijui asilimia 3.5 wala milioni 200. Anajua tu kwamba ndani kuna kazi na nje yuko yeye. Wanaoandika sheria za kodi wangefanya vema, kabla ya kugonga muhuri, kwenda kusimama naye pale mlangoni asubuhi moja na kuhesabu hatua kutoka kizingiti hadi kwenye meza ya randa. Ni hatua chache sana.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.